Mistari Tuliyoogopa Kuifuta

Siku ya chai yenu ya kuniaga nilikataa kuhutubu, nanyi mkanung'unika mpaka mandazi yakapoa. Haya basi, nimeandika. Msitafute humu habari za vyeo wala mshahara. Vyeo katika karakana yetu vilikuwa viwili tu, mwenye ufunguo na asiye na ufunguo, na mshahara ulikuja siku uliyojisikia kuja. Nitasema habari za kazi, hasa kazi moja iliyonichosha roho kuliko zote: kufuta mistari michache ya programu ambayo haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Kuiandika kulimchukua mwenyewe asubuhi moja. Kuifuta kulitugharimu kiangazi kizima na jina la mwanamke mmoja.

Nilifika Embu nikitoka kwetu Meru na cheti cha hesabu na viatu visivyofaa kwa tope. Karakana ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda kwenye ngazi mchana kutwa, na mpaka leo nikiinusa najikuta natafuta bisibisi. Tulikuwa tukitengeneza visanduku: kompyuta ndogo ndani ya sanduku la bati, ya kupimia majani chai, kisha maziwa, na baadaye maji. Mwenye karakana alikuwa Mzee Njeru. Kabla ya kuingia kwenye kompyuta alikuwa msaidizi wa soroveya, kazi yake kushika mnyororo wa kupimia mashamba, na alikuwa ameona kwa macho yake ndugu wa tumbo moja wakikatana panga kwa sababu ya mmea wa mpakani uliong'olewa. Silitaji hilo kwa kupamba hadithi. Ndilo lililotuletea taabu yote.

Siku yangu ya kwanza alinipa kisanduku kilichokufa, waya wa kukisikilizia, na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Nilipounganisha waya, kioo cha kompyuta yangu kilijaa maandishi kama mahali kuku wamepita.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, Mzee? Yote haya?"

"Mashini haikufangi kimya, Kanana. Inaongea kwanza. Maneno ya kwanza ni ya mgonjwa. Hayo mengine yote ni ya waombolezaji."

Nimefundishwa na watu wenye shahada tatu na hakuna aliyewahi kunipa neno la kufaa kama hilo. Mzee Njeru alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliopata. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkasirikia, ingawa nilijitahidi.

Sasa kwa wale wanaosoma hapa na si mafundi. Ndani ya kompyuta yoyote kuna mfumo endeshi, mkubwa wa nyumba, anayegawa kazi na nafasi kwa wote. Kila kifaa kinachochomekwa, kiwe mizani au kipimo cha maji, kina kijiprogramu chake cha kukizungumzia mbele ya mkubwa huyo. Tunakiita draiva. Draiva ikianza kazi huomba memori, yaani nafasi ya kuwekea vitu vyake. Kifaa kikichomolewa, memori ile lazima irudishwe ili wengine waitumie. Zamani draiva yenyewe ndiyo iliyorudisha, mstari kwa mstari, na ukisahau mmoja mashine ilijaa takataka ikalala. Kisha ikaja namna mpya: unaomba memori kwa jina la kifaa, na kifaa kikiondoka mfumo wenyewe unairudisha. Wewe hugusi kitu.

Mnajua viti vya plastiki vya kukodi. Zamani ukivikodi kwa harusi, ulivirudisha mwenyewe. Siku hizi mwenye viti anasema usijisumbue, sherehe ikiisha lori langu litapita kubeba. Sasa chukua watu waliokubali lori lipite, halafu kwa adabu zao nyingi wanavirudisha viti wenyewe vilevile. Mwenye viti anavikodisha upya kwa matanga ya jirani. Kisha lori linatokea, linavitafuta viti vile popote vilipo, na kuvivuta chini ya waombolezaji. Ndivyo mashine inavyokufa memori ileile ikirudishwa mara mbili. Wala haifi papo hapo. Inakufa baadaye, mahali pengine, mikononi mwa mtu asiye na kosa.

Turudi kwa Mzee na mipaka yake. Katika karakana yetu kila sehemu ya programu ilikuwa na jina la mwenyewe juu yake, na sheria ilikuwa moja. Kuongeza kando ya kazi ya mwenzako, ruhusa. Kufuta, hapana. Ukitaka mstari wa mtu ufutwe, unamwita, anakuja, anakaa mbele ya mashine, mnakunywa chai, na anaufuta kwa kidole chake mwenyewe. "Laini ya mtu ni mpaka wa mtu," Mzee alikuwa akisema. "Hung'oi kama mwenyewe hayuko." Ili sheria isichezewe, programu haikutoka karakana kwenda kwa mteja bila nywila, na nywila ilikuwa kichwani mwake.

Nitasema ukweli, mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa mwanamke pekee pale juu, na hakuna aliyethubutu kukanyaga kazi yangu. Nilikaa miaka mingi nikiona ile sheria ni heshima. Ilichukua muda kugundua kuwa nyumba ambamo kila mtu anaruhusiwa kuleta kitu na hakuna anayeruhusiwa kutoa kitu, mwisho wake ni kulala nje.

Baada yangu alikuja Mutuma, mtu wa Igembe, mwenye vidole vya haraka na subira ndogo. Yeye ndiye aliyeandika sehemu ya mwisho ya draiva ya kipimo cha maji, ile ya kurudisha memori kipimo kikichomolewa. Aliiandika vizuri, kwa namna ya zamani, maana ndiyo iliyokuwapo. Kisha baba yake akaugua, miraa ikahitaji msimamizi, na Mutuma akarudi kwao Maua. Aliacha kikombe na mistari yake. Kikombe tulikitumia bila kumpigia simu.

Mwanzo wa draiva ile, pale pa kuomba memori, palikuwa pa Mzee mwenyewe. Namna mpya ilipokuja, Mzee alikaa na miwani yake akabadilisha sehemu yake yote kwa mkono wake, kazi safi kabisa. Nikamuuliza vipi ile mistari ya chini, maana sasa ilikuwa inarudisha kitu ambacho mfumo utakirudisha wenyewe.

"Hiyo ni ya Mutuma," akasema. "Tutamngojea akuje."

Mutuma hakuja. Tukamngojea kama watu wa kanisa wanaomngojea mweka hazina. Wakati huo wakaingia mafundi wapya, na kila mmoja aliyesikia kisanduku kimekufa mahali alifanya kile alichoruhusiwa kufanya, yaani kuongeza. Mmoja akaongeza mstari wa kukagua kabla ya kurudisha. Mwingine akaongeza kurudisha kwingine endapo kule kwa kwanza kumeshindikana. "Ni kwa usalama tu, Madam," waliniambia. Usalama! Neno hilo limeua mashine nyingi kuliko radi. Kufikia mwisho draiva ile ilikuwa ikirudisha memori kama mtu anayeaga wageni mlangoni, akawafuata tena getini, akawakimbilia tena barabarani.

Kwa nini basi hatukuanguka mapema? Kwa sababu huku juu, kwenye matangi ya viwanda vya chai na maziwa, hakuna anayechomoa waya. Kisanduku kinafungwa ukutani na kinazeekea hapo. Kosa lililala. Ndipo tukapata kazi ya kisima cha pampu upande wa Kiambere.

Waliofika kule wanajua. Nyaya zinapita juu ya kichwa chako kutoka bwawa la kuzalisha umeme, maji ya bwawa yanametameta pale chini, na wewe una kiu. Kwenda bwawani kuchota ni kwenda kusalimiana na mamba. Kwa hiyo kisima kile kilikuwa jambo kubwa. Kisanduku chetu kilisoma kiasi cha maji kwenye tangi, kikawasha na kuzima pampu. Ufunguo wake alipewa mama mmoja wa pale, mjane mwenye shamba dogo la pojo, ambaye wote walimwita Mama Nyaga. Nilimfundisha mwenyewe. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, akauliza maswali mawili ya maana, na nilipomwambia asimwagie kisanduku maji ili kukipoza alinitazama kwa namna iliyonifanya niombe msamaha.

Kiangazi kilipoanza kukaza, pampu ikaanza kuzimika. Si kila siku. Mara asubuhi, mara saa za jua kali, bila mpango. Mama Nyaga anafika anakuta kimya, anafungua kisanduku, anakiwasha upya, maji yanarudi. Lakini kabla hajafika, wanawake walikuwa wamekwisha panga mitungi mistari kwa mistari, wengine wamechoka kungoja wakateremka bwawani. Maneno yakaanza. Mama Nyaga analala. Mama Nyaga anaizima ili watu wa upande wake wachote kwanza. Mama Nyaga anataka watu waliwe na mamba.

Akanipigia simu. "Madam, njoo uangalie hii mashini yako. Mimi hapa naitwa jina sijawahi itwa tangu nizaliwe."

Nikateremka na waya wangu wa kusikilizia. Nilikaa pale kwenye kivuli cha tangi nikiangalia. Na kilichokuwa kikitendeka, Mungu anisamehe, nilikiona kabla ya chai. Punda. Kule maji yanabebwa na punda, na punda akingoja mitungi ijazwe anajikuna, na hakuna mahali pazuri pa kujikuna kama ile nguzo tuliyofungia kisanduku. Nguzo inatikisika, plagi ya kipimo inalegea, inachomoka kidogo, inarudi. Kwa kompyuta hiyo ni kifaa kimeondoka na kurudi. Memori inarudishwa na Mutuma, inarudishwa na wale wa usalama, kisha inarudishwa na mfumo. Punda anakwenda zake nyumbani. Mashine inakufa baada ya muda, punda akiwa mbali na Mama Nyaga akiwa shambani, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Maneno ya kwanza kwenye waya yalisema wazi: memori hii imekwisha rudishwa.

Niliifunga plagi kwa kamba ya mpira, nikajua kwamba jua la kule litaila ile kamba kabla ya mwezi kuandama. Kisha nikampigia mwenyekiti wa kamati ya kisima, Mwenyekiti Ireri, mzee mwenye sauti ya kanisani.

"Mwenyekiti, kosa ni letu. Ni mashine, si mama."

"Madam, mashini haina usingizi. Mtu ndio ako na usingizi."

"Nakwambia ni programu yetu. Nimeona kwa macho."

"Sawa. Mkitengeneza, tutaona kama itaendelea kuzima."

Kumbukeni jibu hilo. Mimi sikulitilia maanani, nilikuwa na haraka ya kurudi Embu kufuta.

Nilimkuta Mzee Njeru akisafisha miwani. Nikamweleza yote, punda mpaka mamba. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema, "Pole yake huyo mama. Mpigie Mutuma."

"Mzee, watu wanateremka kwa mamba."

"Ndio nasema umpigie haraka."

"Niruhusu nifute. Nitamwambia baadaye."

"Kanana, ukifuta ya Mutuma leo kwa sababu ni mbaya, kesho mtu atafuta yako kwa sababu anaona ni mbaya. Nimeona mahali hiyo inaendaga. Nimeona na panga."

Nikampigia Mutuma. Hakushika. Msimu ule miraa ilikuwa na bei, na mtu wa miraa msimu wa bei hashiki simu ya mtu asiye na pikapu. Siku nyingine alishika, nyuma yake watu wanapiga kelele na injini inanguruma. "Madam! Muga!" akanisalimu kwa Kimeru. "Nitakuja Jumamosi." Jumamosi ikapita. Jumamosi nyingine ikapita. Mzee akawa ananiuliza kila asubuhi, "Mutuma amesema aje?" kana kwamba ni mimi niliyemficha. Kamba ya mpira ikakatika. Pampu ikazimika tena. Nilikuwa narudi nyumbani kwangu, mtaa wa Dallas pale Embu, jioni nikiongea peke yangu njiani, na jirani akaanza kuniombea.

Mwishowe nilichukua kompyuta, nikaifunga kwenye leso, nikasafiri mpaka Maua. Nilimkuta Mutuma katikati ya watu wanaofunga miraa kwa majani ya ndizi. Amenenepa, ana simu tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa imezimwa. Akanikumbatia. Akaniagizia chai. Nikamweleza.

Akaweka chai chini. "Bado mko na hiyo code?"

"Tunayo."

"Ile niliandika kitambo? Na mkajua ni mbaya? Madam, si mngedelete tu!"

Nilihesabu kimoyomoyo kwa Kimeru, kwa sababu kwa Kiswahili ningefika haraka mno. Nikamwambia mkubwa wake wa zamani anataka kidole chake. Akacheka mpaka watu wakaacha kufunga. Nikafungua kompyuta juu ya gunia, nikamwonyesha mistari, akakaa, akapangusa kidole kwenye suruali. Akafuta wa kwanza. Akafuta wa pili. Alipofika wa mwisho akasita.

"Huu tuuache, Madam. Kwa usalama."

"Mutuma."

"Si unajua tu, ikitokea kitu..."

"Mutuma, huo mmoja ndio unaoua. Ukibaki huo, yote imebaki."

"Lakini nikifuta wote, nani anarudisha memory?"

Nikaanza upya, viti, harusi, lori, matanga, pale pale kwenye majani ya ndizi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akifunga miraa pembeni akadakia, "Si aache lori libebe, kwani viti ni vyake?" Mutuma akafuta. Nilijifunza siku ile kwamba kuogopa kufuta si ugonjwa wa Mzee peke yake. Mtu anaweza kusahau kitu kwa miaka na bado akakishikilia akiambiwa akiondoe.

Wale wa usalama walikuwa bado karakanani, wakafuta ya kwao kwa kununa. Mzee akaweka nywila. Niliteremka Kiambere na programu mpya na furaha ya mtu aliyelipa deni.

Aliyenifungulia kisanduku hakuwa Mama Nyaga. Alikuwa shemeji yake mwenyekiti, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kamati. Nikauliza Mama Nyaga yuko wapi. "Alitolewa," akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika. Nikampigia mwenyekiti, akasema kamati ilikaa, watu wamechoka, na mimi nifanye kazi iliyonileta. Nikafanya. Nilijiambia pampu ikitulia ukweli utajitokeza wenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi na bado nilikuwa na mawazo ya namna hiyo.

Pampu ikatulia. Haikuzimika hata siku moja. Baada ya majuma kadhaa Mwenyekiti Ireri akanipigia mwenyewe, amechangamka. "Madam, asante. Unaona sasa? Tangu tuweke huyu bwana, pampu haijawahi zima. Hata wale walikuwa wanamtetea yule mama wamenyamaza."

Nilikaa chini kwenye kile kiti cha mguu mfupi. Eleweni jambo hilo, vijana. Nilikuwa nimetengeneza mashine, na kwa kuitengeneza nikawa nimemhukumu. Kila siku maji yaliyotoka bila kukatika yalikuwa ushahidi kwamba Mama Nyaga alikuwa mvivu na mwongo. Nilihisi hasira ambayo sijapata kuihisi kazini, na nilikuwa na hasira nyingi za kulinganisha nazo.

Nikaomba mkutano. Mwenyekiti hakutaka, nikamwambia basi nakuja kubeba kisanduku, ni chetu. Mkutano ukaitishwa pale pale kisimani, siku ya kuchota, watu wote na punda wao. Mama Nyaga alikuwa nyuma na mitungi yake kama mtu yeyote, na nafasi ilikuwa imemzunguka pande zote, ile nafasi watu wanayompa mtu aliyesemwa.

Nikasema, "Nitarudisha programu ya zamani, ile iliyokuwapo wakati wa Mama Nyaga. Bwana huyu asimame hapa na ufunguo wake, macho wazi, asitoke." Nikairudisha. Nikaishika nguzo nikaitikisa kama punda. Watu wakacheka. Pampu ikaendelea kunguruma. Nikatikisa tena. Ikanguruma. Mashine hii iliyokuwa imekufa kiangazi kizima bila kuombwa, leo ninayoibembeleza ife, ilikuwa na afya ya ndama. Mwenyekiti akakohoa. Mama mmoja akauliza kama nitatikisa mpaka jioni. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, natikisa nguzo mbele ya kijiji, mwanamke wa umri wangu. Nikaita punda wa kweli aletwe, akaletwa, akakataa kujikuna.

Ndipo pampu ikanyamaza, ghafla, katikati ya mtungi wa mtu. Sijapata kufurahia kifo cha mashine kama siku ile. Kimya kikawa kikubwa hata tukasikia maji ya mwisho yakidondoka. Watu wote wakamgeukia shemeji wa mwenyekiti, aliyesimama wima na ufunguo mkononi, hajapepesa jicho.

Bibi mmoja wa mbele akasema, "Huyu naye amelala?"

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa kizuri, na wengi walioangua kicheko hicho walikuwa ndio waliomsema Mama Nyaga. Nikarudisha programu nzuri, maji yakarudi. Mwenyekiti Ireri akajongea mbele. Nampa haki yake: alivua kofia, akamwita Mama Nyaga mbele, akasema kwa Kimbeere kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Tulikukosea. Hukulala." Akauchukua ufunguo mkononi mwa shemeji yake, akamnyooshea mama.

Mama Nyaga hakuupokea. "Nimesikia," akasema. "Ufunguo kaeni nao. Mimi nitachota maji kama wengine."

Nilimfuata alipokuwa akifunga mitungi juu ya punda. Nilimbembeleza. Nikamwambia hakuna mwingine ninayemwamini na kisanduku kile. Akaendelea kukaza kamba. Kisha akauliza, bila hasira, "Madam, wewe ulijua lini ni mashini?"

Nikamwambia. Siku ile ya kwanza, kabla ya chai.

"Na kutengeneza ilichukua muda gani?"

"Kutengeneza ni dakika. Ilibidi tumpate mwenyewe akubali. Alikuwa Maua."

"Na huyo mwenyewe, alikuwa anatumia hiyo kitu?"

"Hapana. Alikuwa ameisahau."

Aliacha kamba akanitazama. "Kwa hivyo mlikuwa mnaogopa kumkosea mtu wa Maua ambaye amesahau. Na mimi niko hapa, mnanijua jina, hakuna mtu aliniuliza kama nimekubali."

Akampiga punda kofi la mgongoni, wakaondoka.

Jumatatu nilifika karakana kabla ya wote. Mzee Njeru alipoingia alinikuta nimefungua draiva zote, ya mizani, ya maziwa, zote, nafuta kila mstari uliokuwa ukirudisha kitu ambacho tayari kinarudishwa. Ya walioondoka, ya waliopo, ya walio Nairobi, na mmoja wa marehemu. Akasimama nyuma yangu akisoma majina yanavyopotea.

"Umewapigia?" akauliza.

Nikamweleza alichoniambia Mama Nyaga, neno kwa neno, bila kugeuka. Mzee akavuta kiti, akakaa kando yangu, akaandika nywila.